Mkia unaoinuka: kilichoibeba SpaceShipOne na kilichoivunja ndugu yake

Vijana wa ufundi hapa Mbeya wanaofuatilia vyombo vya angani huuliza kwanza habari za injini. Injini ina mengi ya kusemwa, lakini ukitaka kujua kwa nini majaribio ya SpaceShipOne, chombo cha angani cha watu binafsi chenye rubani, yalifaulu mwaka 2004, na kwa nini chombo kilichoifuata kilivunjika angani mwaka 2014, anzia kwenye mkia.

SpaceShipOne ilibuniwa na Burt Rutan na kujengwa na Scaled Composites kule Mojave, California. Fedha, kiasi cha dola milioni 25, zilitoka kwa Paul Allen, mwanzilishi mwenza wa Microsoft, si serikalini. Chombo hakikuanzia ardhini kwa roketi: kilibebwa chini ya tumbo la ndege-mama, White Knight, hadi kimo cha kilomita 14 hivi, kikaachiliwa, ndipo rubani akawasha injini. Sababu ni hewa. Hapa Mbeya mjini, mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, mgandamizo wa hewa umeshapungua kwa karibu asilimia 18. Kwenye kimo cha kuachilia chombo umebaki kama sehemu moja ya saba. Roketi haipotezi nguvu kupasua hewa nzito, na domo lake la kutolea moto linaweza kutengenezwa pana zaidi.

Injini yenyewe ni ya mchanganyiko. Fueli ni mpira mgumu uliobandikwa ndani ya silinda. Kinachouunguza ni nitrasi oksidi iliyo ndani ya tangi. Ukifunga valvu, moto unakufa, na hiyo ni faida kubwa kwa rubani wa majaribio. Lakini asikudanganye mtu kwamba nitrasi oksidi ni mpole. Ikichafuliwa au ikipata joto inaweza kuvunjika yenyewe kwa mlipuko. Tarehe 26 Julai 2007, hapo hapo Mojave, jaribio la kupitisha gesi hiyo bila kuwasha moto lilipasuka na kuua watu watatu.

Urukaji ulipandishwa kwa ngazi. Kwanza chombo kilibebwa tu bila kuachiliwa, kisha kikateleza hewani bila injini. Tarehe 17 Desemba 2003 injini iliwaka sekunde 15 na kuvuka mwendo wa sauti. Wakati wa kutua, gurudumu la kushoto lilikunjika. Aprili 2004 ikawaka sekunde 40, Mei sekunde 55, na tarehe 21 Juni sekunde 76. Siku hiyo Mike Melvill alifika mita 100,124. Mstari wa kilomita 100, unaohesabiwa na wengi kuwa mpaka wa anga za juu, ulivukwa kwa mita 124 tu, maana chombo kilitoka kwenye njia iliyopangwa. Nazipenda namba hizi za sekunde kuliko namba za kimo: zinaonyesha kwamba kila safari iliongezewa kiasi ambacho iliyotangulia ilikuwa imekifungulia mlango.

Sasa mkia. Injini ikizimika, chombo kinaendelea kupanda kwa kasi kiliyonayo, kinafika kileleni, kisha kinaanguka kwa kasi inayokaribia mara tatu ya mwendo wa sauti. Ndege ya kawaida ingelazimika kuingia hewani kwa pembe sahihi kabisa. Rutan alifanya nusu ya nyuma ya bawa, pamoja na mikia miwili, iinuke kwa nyuzi 65 hivi. Chombo kikiwa hivyo kinajigeuza chenyewe tumbo chini, na kwa kuwa ni chepesi na kinakinga hewa kwa eneo kubwa, kinaanza kupunguza kasi mapema, juu kabisa, ambako hewa ni nyepesi na joto la msuguano ni dogo. Dereva wa lori anayeteremka Kitonga huweka gia nzito akiwa bado juu, si baada ya breki kuanza kunuka. Mkia unafanya kazi kwa hesabu hiyo hiyo. Kwenye kimo cha kilomita 17 hivi mkia unashushwa, na chombo kinateleza hadi uwanjani.

Si kila tatizo linatibiwa na mkia. Tarehe 29 Septemba 2004, wakati wa kupanda, chombo kilibiringika mara 29. Melvill akazima injini mapema, akatuliza mzunguko kwa vijidomo vinavyopuliza gesi pembeni, na bado akafika kilomita 102.9. Tarehe 4 Oktoba Brian Binnie alifika kilomita 112, na zawadi ya Ansari X ya dola milioni 10, ya chombo cha kwanza cha watu binafsi kufika kilomita 100 mara mbili ndani ya wiki mbili, ikapatikana.

SpaceShipTwo, chombo kilichofuata, ilirithi mkia huo katika umbo kubwa zaidi. Una hatua mbili: kufungua makomeo, kisha kuinua. Makomeo yalitakiwa kufunguliwa wakati wa kupanda, chombo kikifika Maki 1.4, yaani mara 1.4 ya mwendo wa sauti. Wengi hushangaa kwa nini yafunguliwe mapema hivyo. Ni kwa sababu yakikataa kufunguka, lazima ujue kabla hujafika juu sana, ili uzime injini na kurudi. Rubani aliyechelewa kupita Maki 1.8 alitakiwa kukatisha safari.

Hatari iko chini ya Maki 1.4. Karibu na mwendo wa sauti, hewa inausukuma mkia juu kwa nguvu inayoishinda mitambo ya kuushikilia. Kinachouzuia ni makomeo peke yake. Tarehe 31 Oktoba 2014 rubani msaidizi, Michael Alsbury, aliyafungua kwenye Maki 0.8. Hakuna aliyegusa mkono wa kuinua. Mkia uliinuka wenyewe na chombo kikasambaratika sekunde 13 hivi baada ya kuachiliwa. Alsbury alifariki, Peter Siebold alitupwa nje, na mwavuli wake ukafunguka wenyewe.

Wachunguzi wa Marekani, NTSB, hawakuishia kwa rubani. Walisema wabunifu hawakuweka kinga dhidi ya kosa moja la binadamu linaloweza kuangamiza chombo kizima. Nakubaliana nao kabisa. Mtu anayesoma mita kwenye mtikisiko wa roketi, akifanya kazi kwa kumbukumbu, huku akijua kuchelewa kutakatisha safari, ni rahisi afungue kabla ya wakati. Chombo kilichofuata, VSS Unity, kiliwekewa kizuizi kinachokataa makomeo kufunguliwa wakati usiofaa. Tarehe 13 Desemba 2018 kilifika kilomita 82.7 kikiwa na marubani wawili, na mkia ukainuka kwa wakati wake.