Mafuta yakishuka, kwa nini nauli ya ndege haishuki?

Kila bei ya mafuta ghafi inapoporomoka duniani, watu husema kwamba nauli ya ndege isiposhuka kesho yake, basi shirika linawaibia abiria. Malalamiko hayo nayaelewa, maana nauli zetu ni ghali kweli. Ila hesabu haiendi hivyo.

Mashirika mengi hufunga bei mapema: hukubaliana na benki au wauzaji bei ya mafuta watakayotumia miezi ijayo. Bei ikipanda, wamepona. Ikishuka, wanabaki na mkataba wa bei ya juu. Kenya Airways iliyaonja hayo. Julai 2008 pipa lilifika karibu dola 147. Desemba likawa chini ya dola 40. Badala ya nafuu, shirika lilifunga mwaka wa fedha ulioishia Machi 2009 kwa hasara ya zaidi ya shilingi bilioni 4, na chanzo kikubwa kilikuwa mikataba hiyo ya mafuta.

Tena, ndege haichomi mafuta ghafi. Inatumia Jet A-1, jamaa wa karibu wa mafuta ya taa, yenye soko lake na bei yake. Hulipiwa kwa dola, hivyo shilingi ikidhoofika, nafuu yote yaweza kuyeyuka.

Na mafuta, kwa kawaida, ni robo hadi theluthi ya gharama. Kukodi ndege, matengenezo, mishahara na tozo za viwanja havisubiri soko la mafuta. Kinachoshusha nauli haraka zaidi ni shirika la pili kuingia kwenye njia hiyohiyo.