Maji Maangavu Si Lazima Yawe Dutu Safi

Wengi tulikariri kwamba maji maangavu, yasiyo na rangi wala vumbi, ni dutu safi. Sivyo. Katika kemia usafi hauamuliwi kwa macho. Dutu safi ni elementi moja (yenye atomi za aina moja) au kampaundi moja (elementi zilizoungana kikemia) tu, basi.

Chukua maji ya kunywa, uyachemshe mpaka yakauke. Mara nyingi chini ya sufuria hubaki utando mweupe, mgumu kidogo ukiukwangua kwa kucha. Hizo ni chumvi za kalsiamu na magnesiamu, zilizokuwa zimeyeyuka humo muda wote. Kwa hiyo maji hayo ni mchanganyiko, tena uliolingana kila upande, na hapo ndipo jicho linapodanganyika. Kuchuja kwa karatasi hakusaidii. Chumvi iliyoyeyuka hupenya.

Kipimo cha kuaminika zaidi ni kuchemka. Maji matupu, kwenye usawa wa bahari, huchemka kwa nyuzi 100 za Selsiasi na kubaki hapo hapo. Maji ya bahari, yenye takriban gramu 35 za chumvi kwa kila kilo, huanza kuchemka juu kidogo ya hapo, na joto huzidi kupanda kadiri mvuke unavyotoka.

Afya ni suala jingine: maji yanaweza kuwa salama kabisa kunywewa huku yakiwa mchanganyiko.