Msamaha wa dhambi: deni, mpaka na jani la isale

Aliyezoea kusali Baba Yetu kwa maneno aliyofundishwa utotoni, siku akiifungua Biblia kwenye Mathayo 6:12 huweza kushtuka kidogo. Ulimi wake umezoea "utusamehe makosa yetu", lakini pale pameandikwa "utusamehe deni zetu, kama sisi nasi tuwasamehevyo wadeni wetu". Luka naye, katika sala hiyohiyo, anaandika "dhambi zetu". Kwa hiyo tuna maneno matatu, kosa, deni na dhambi, kwa ombi moja, na kwa maoni yangu neno la deni ndilo linaloeleza vizuri zaidi maana ya msamaha katika Ukristo, ingawa ndilo tunalolitumia mara chache kuliko yote.

Dhambi yenyewe, katika Kigiriki cha Agano Jipya, huitwa hamartia, neno lililokuwa na maana ya kukosa shabaha. Kiswahili hakihitaji maelezo marefu hapa, kwa sababu kitenzi chetu "kukosa" hubeba maana hizo mbili kwa pamoja: mshale umekosa, na mimi nimekosa. Wakatoliki wanapoungama mwanzoni mwa Misa hutaja mawazo, maneno, vitendo na kutotimiza wajibu, maana yake hata asiyetenda lolote aweza kuwa amekosa.

Neno la deni linaongeza jambo ambalo kosa peke yake haliwezi kulionyesha, nalo ni kwamba kuna mtu aliyepungukiwa. Katika Mathayo 18 Yesu anatoa mfano wa mtumwa aliyesamehewa talanta 10,000, kisha akamkaba koo mwenzake aliyemwia dinari 100. Dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua kwa siku, na talanta moja ilikaribia dinari 6,000, hivyo deni la kwanza ni sawa na siku za kazi zipatazo 60,000,000, mzigo ambao ukoo mzima usingeumaliza kwa vizazi vingi. Bwana yule hakusema deni halikuwapo, wala hakusema ni dogo. Alilifuta, na hasara ikabaki kwake. Kusamehe, basi, ni mdai kukubali kuibeba hasara ambayo alikuwa na haki ya kuidai.

Huku kwetu Uchagani, kabla mmisionari yeyote hajafika Kilema au Moshi ya Kale, watu walikuwa na namna yao ya kuomba radhi, na bado wanayo. Aliyekosa huchuma jani la isale, mmea uleule wa majani marefu ya kijani unaopandwa kuonyesha mipaka ya vihamba, yaani mashamba ya ukoo, akalipeleka kwa aliyemkosea. Anayeletewa jani hilo huona vigumu sana kulikataa. Nilipokuwa mtoto nilimwona baba mdogo akiingia uani kwa baba mkubwa alfajiri, jani mkononi likiwa bado na umande, akasimama bila kuketi mpaka lilipopokelewa. Kosa lake lilikuwa la mpaka: wakati wa mvua alikuwa ameyang'oa masale usiku na kuyapanda tena hatua tatu ndani ya kihamba cha kaka yake. Wazee waliokuwapo walisali, tukanywa chai, jambo likahesabiwa limekwisha. Masale ya mpaka hayakurudishwa.

Je, huo ulikuwa msamaha kwa maana ya Kikristo? Kwa upande wa baba mkubwa nasema ndiyo, bila kusita. Kwa upande wa baba mdogo ninapata shida, kwa kuwa Maandiko hayamwachi mkosaji aende na alichokitwaa. Mambo ya Walawi, sura ya 6, yanaagiza aliyedhulumu arudishe chote na kuongeza sehemu ya tano, ndipo sadaka yake ipelekwe kwa kuhani. Zakayo alitamka mwenyewe kwamba atarudisha mara nne. Katekisimu ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1992, namba 1459, inafundisha kwamba ondoleo, yaani tamko la padri la kusamehe katika kitubio, huondoa dhambi lakini halitengenezi uharibifu wote uliosababishwa na dhambi hiyo, na ndiyo maana padri humpa aliyeungama malipizi, yaani tendo la kufidia dhambi yake. Walutheri, ambao ni wengi hapa Moshi, hawakubali kwamba malipizi hununua chochote mbele za Mungu, kwani wanaamini msamaha ni neema tupu. Hata hivyo, hoja ya kwanza kati ya zile 95 za Martin Luther za mwaka 1517 inasema kwamba Kristo alitaka maisha yote ya waamini yawe ya toba. Toba ya maisha yote haiwezi kulipita shamba la jirani likiwa bado limemegwa.

Kuna wanaojibu kwa Zaburi ya 51, "Nimekutenda dhambi Wewe peke yako", kana kwamba jambo lote ni kati ya mtu na Mungu. Lakini Mathayo 5 inamwambia anayepeleka sadaka aiache mbele ya madhabahu, aende kwanza akapatane na ndugu yake. Mungu husamehe kilicho chake, na hakijazi kihamba kilichopungua.

Aliyekosewa naye huwekewa mzigo usiokuwa wake pale anapoambiwa kwamba kusamehe ni kusahau. Luka 17:3 inaanza na kuonya, ikafuata toba, ndipo msamaha. Mtu aweza kuachilia kisasi kwa moyo wote huku akikumbuka vizuri sana mpaka ulipokuwa.

Baba mkubwa alikumbuka hadi alipofariki, na sikumsikia hata siku moja akimnenea mdogo wake vibaya. Mwaka huu watoto wake wameomba masale yang'olewe na kupandwa pale pa zamani, na watoto wa baba mdogo wameuliza kwa nini wanafufua jambo lililokwisha kusamehewa.