Je, wajua kwa nini kakati, yaani mmea wa jangwani wenye miiba, hurefuka na kupauka ndani ya nyumba wakati wa baridi, na kwa nini taa yake lazima izimwe usiku?

Kule Laikipia, nchini Kenya, mpungate, ambao ni aina ya kakati, ni gugu sugu linaloteka malisho, na wafugaji wangefurahi kuuona ukitoweka. Kule Minneapolis, katika jimbo la Minnesota nchini Marekani, ndugu zake mpungate huingizwa ndani ya nyumba mwishoni mwa Septemba, kabla sakitu, yaani umande ulioganda, ya kwanza haijaanguka, kisha hupangwa rafuni na kuwashiwa taa hadi Mei. Pamoja na matunzo hayo yote, mara nyingi kakati iliyoingia ikiwa ya mviringo kama chungu hutoka ikiwa na shingo ndefu, nyembamba, yenye rangi ya kijani kilichofifia. Mmea uliozoea jua kali la jangwani, uliokaa miezi kadhaa kando ya dirisha na kunyweshwa maji kwa uaminifu, umeharibikaje?

Jambo la kwanza la kufahamu ni kwamba macho yetu ni mashahidi wabaya katika suala la mwanga. Adhuhuri ya jua kali hapa kwetu mwanga hufikia takriban laksi 100,000 (laksi ni kipimo cha mwangaza), ilhali sebule tunayoiona kuwa inang'aa usiku huwa na laksi mia chache tu. Hatuihisi tofauti hiyo kubwa kwa sababu mboni hupanuka na ubongo husawazisha mambo. Kakati haina mboni. Ulaji wake hutegemea idadi ya chembe za mwanga, yaani fotoni, zinazoifikia kweli. Minneapolis iko karibu na latitudo 45 Kaskazini, na tarehe 21 Desemba jua la adhuhuri huinuka nyuzi 21 hivi tu juu ya upeo wa macho, na mchana wote hudumu chini ya saa 9. Ukiongeza mawingu, kioo cha dirisha na nyumba ya jirani, kinachobaki ni makombo.

Mmea unaposhinda katika mwanga hafifu, vipokezi vyake vya mwanga hutambua upungufu huo, na homoni za ukuaji, auksini ikiwamo, huzifanya seli za shina zirefuke. Kwa mche wa maharage uliofunikwa na magugu, hiyo ni akili njema: urefuke upesi, uwapite majirani, ulifikie jua. Kwa kakati ya mviringo ni hasara tupu, kwa kuwa hakuna jirani wa kumpita, na tishu iliyojengwa kwa njaa huwa laini, yenye miiba michache na dhaifu. Isitoshe, kasoro hiyo haifutiki. Mwanga ukirudi, ukuaji mpya utanenepa ipasavyo juu ya ile sehemu nyembamba, na kakati itabaki na kiuno maisha yake yote.

Hata hivyo, giza peke yake si mkosaji. Kakati hiyo hiyo ikiwekwa katika chumba chenye nyuzi 7 za Selsiasi na isipewe hata tone la maji kuanzia Oktoba hadi Machi, haitarefuka, hata kama mwanga wa chumba hicho ni haba, kwa sababu baridi na kiu vimeiamuru ilale. Kinachoiharibu ni amri zinazopingana: sebule yenye nyuzi 21 na maji ya kila juma vinaiambia ikue, huku mwanga wa kuujenga mwili huo haupo. Udongo wenye unyevu usionywewa nao huozesha mizizi, na ndiyo maana wapandaji wenye uzoefu husema kwamba maji huua kakati nyingi kuliko baridi. Kwa maoni yangu, mwenye chumba kikavu na cha baridi asihangaike na taa kwa kakati nyingi za milimani. Jamii kama Rebutia na Mammillaria nyingi huchanua vizuri zaidi zikipata usingizi huo. Mpungate mdogo uitwao Opuntia fragilis, ambao ni mwenyeji wa Minnesota yenyewe, hupita majira ya baridi nje, chini ya theluji: hupunguza maji mwilini, hukunjamana na kulala chini kama uliokufa, kisha hujaa tena siku za joto zikirudi.

Taa zina maana kwa anayeishi katika fleti yenye joto lisilopunguzika, na kwa mimea isiyostahimili ubaridi. Miongoni mwa hiyo ni waridi la jangwani, Adenium obesum, ambalo asili yake inajumuisha Afrika Mashariki, pamoja na Pachypodium nyingi za Madagaska na kakati za Melocactus za nchi za tropiki. Hizi zikikaa katika baridi chini ya nyuzi 10 huku zikiwa na unyevu, huanza kuoza.

Hapa ndipo wanunuzi wengi hupotea, kwa kuwa hutazama wati. Wati hueleza umeme unaoliwa, si mwanga unaoufikia mmea. Kipimo chenye maana ni idadi ya fotoni zinazoangukia mita moja ya mraba kila sekunde, nayo huhesabiwa kwa maikromoli, yaani sehemu za milioni za moli, kipimo cha kuhesabia chembe nyingi mno. Jua kali la adhuhuri hutoa takriban 2,000. Taa inayofikisha 300 juu ya mmea, ikiwaka saa 14, hukusanya moli 15 hivi kwa siku, kiasi ambacho kakati nyingi hukua nacho bila kurefuka ovyo. Umbali nao ni muhimu sana: balbu moja ndogo ikisogezwa mbali mara mbili, mwanga unaofika hubaki robo. Taa bapa ya LED haipungukiwi kwa kasi hiyo ikiwa karibu, lakini nayo ikitundikwa darini ni pambo tu. Kuhusu zile taa za zambarau zinazouzwa kwa ajili ya mimea, sioni haja ya kuigeuza sebule kuwa disko. LED nyeupe ina mwanga wa buluu, unaousaidia mmea ubaki mfupi na imara, na ina mwekundu wa kutosha pia. Taa ya wati 40 ikiwashwa saa 14 kwa siku 150 hutumia uniti 84 za umeme.

Je, si afadhali basi kuiacha iwake usiku kucha ili kufidia upungufu? Hapana, na sababu yake ni mojawapo ya maajabu ya mimea hii. Mimea mingi hufungua vitundu vyake vya kupumulia, yaani stomata, mchana, ili kuingiza hewa ya kaboni. Kakati ikifanya hivyo jangwani itakauka, kwa hiyo hufungua usiku wakati hewa imepoa, huiweka kaboni hiyo katika umbo la asidi ya maliki ndani ya seli, kisha mchana hufunga milango na kuitumia akiba hiyo kwa usanisinuru. Benjamin Heyne, mtaalamu wa mimea aliyeishi India, aliutambua mzunguko huu kwa ulimi wake: katika taarifa iliyochapishwa mwaka 1815 alieleza kwamba majani ya mmea mmoja wa jamii ya Kalanchoe huwa makali kwa uchachu asubuhi, na ladha hiyo hutoweka kadiri mchana unavyosonga. Taa isiyozimwa huuvuruga mzunguko huo. Kwa hiyo swichi yenye saa, inayowasha saa 12 asubuhi na kuzima saa 2 usiku, ina thamani kuliko taa ya pili.

Kuna wasiofuata sheria hii sawasawa. Kakati ya Krismasi, Schlumbergera, inayotoka katika milima ya pwani ya Brazili, huhitaji usiku mrefu ili kutunga maua, na taa ya sebuleni inaweza kuinyima. Lithops, mimea midogo ya kusini mwa Afrika inayofanana na mawe, hunywa maji ya majani yao makuukuu wakati wa baridi, hivyo zipewe mwanga lakini zisimwagiliwe. Nayo Rhipsalis baccifera, kakati pekee ambayo ni mwenyeji wa Afrika na inayoning'inia mitini katika misitu yetu, haitaki mwanga mkali hata kidogo.

Mei ikifika, hatari ya mwisho ni haraka. Mmea uliokaa chini ya LED haujaonja mionzi ya urujuanimno kwa miezi mingi, na ukitolewa moja kwa moja juani ngozi yake huungua kwa siku moja. Huanzia kivulini, husogezwa kidogo kidogo kwa muda wa wiki mbili, na asiyekuwa na subira ataliona doa jeupe likigeuka kahawia upande wa kusini, likibaki hapo hadi shina lenyewe lizeeke.