Sarafu ya dola milioni moja haina thamani ya dola milioni moja

Watu wengi wakiona picha ya sarafu ya dhahabu iliyotolewa na Kanada mwaka 2007, yenye kipenyo cha sentimita 50 na maandishi ya dola milioni moja, hudhani hiyo ndiyo bei yake. Sivyo. Ina kilo 100 za dhahabu safi kwa asilimia 99.999, na dhahabu hiyo peke yake ilizidi dola milioni moja za Kanada tangu siku ya kwanza.

Tarakimu ile ni ya kisheria tu: ndiyo inayolifanya dude hilo kuwa sarafu, fedha halali ya nchi, badala ya pande la dhahabu lenye nakshi. Bei halisi hupanda na kushuka na soko. Sarafu nyingine ya dhahabu, ya Australia yenye uzito wa tani moja, nayo imeandikwa dola milioni moja, ilhali mwaka 2012 dhahabu yake ilizidi dola milioni 50 za nchi hiyo. Anayetaka kulipia deni la milioni moja kwa sarafu hiyo na akapimwe akili.

Wezi hawakudanganyika. Machi 2017 waliingia kwa dirisha katika jumba la makumbusho la Bode, Berlin, wakaondoka na mojawapo ya sarafu hizo za Kanada kwa toroli. Wakati huo ilikadiriwa kuwa na thamani ya euro milioni 3.75. Haijapatikana; inaaminika ilikatwakatwa au kuyeyushwa, na dhahabu ikishayeyushwa huuzwa kwa uzito wake.