Dozi ya kaboni si mkaa wa kwenye mfuko

Dozi ya kaboni, kwa anayefuga matumbawe kwenye tangi la maji ya chumvi, ni kutia kila siku kiasi kidogo cha chakula chenye kaboni kinachoyeyuka majini (siki, vodka, mara chache sukari) ili bakteria waongezeke. Wakiongezeka huvuta nitrati na fosfati (mabaki ya chakula na kinyesi cha samaki) majini na kujengea miili yao, kisha skima, mtambo unaopiga mapovu na kukusanya uchafu unaonata juu yake, huwatoa nje pamoja na povu. Maana ni hiyo tu. Taabu iko kwenye mambo mengine matatu ambayo watu wameyapa jina hilohilo.

La kwanza, na ndilo linalochosha kuliko yote, ni mkaa. Mtu ananunua mkaa ule mweusi wa punje wa kuchujia maji, anautia kwenye mfuko wa wavu, anautundika ndani ya sampu (tangi dogo la pembeni linalobeba mitambo), halafu anauliza mbona "kaboni" haijashusha nitrati wiki ya tatu sasa. Haitashusha. Mkaa huo hunasa juu ya uso wake vitu vya ogani: rangi ya njano ya maji, harufu, sumu ambazo matumbawe laini hutoa yanapogombania nafasi. Nitrati ni chembe ndogo yenye chaji, inayoyeyuka vizuri sana majini, nayo hupita katikati ya mkaa bila kushikwa. Mkaa ukishajaa hubaki kuwa jiwe tu la kukalia bakteria. Na kwa wanaoogopa kuvitumia pamoja: mkaa hauli siki wala ethanoli kiasi cha kukusumbua, kwa hiyo vyote viwili vinaweza kukaa kwenye tangi moja, kila kimoja na kazi yake.

La pili ni gesi ya kaboni dioksidi, ambayo wenye matangi ya mimea ya maji baridi hupuliza ili majani yakue. Kwenye tangi la matumbawe gesi hiyo hushusha pH, yaani huongeza asidi ya maji, na kuyapa matumbawe kazi ngumu zaidi ya kujenga mifupa. La tatu ni bikaboneti inayotiwa kupandisha dKH (kipimo cha ualkali, uwezo wa maji kuhimili asidi). Nayo ina kaboni, ndiyo, lakini bakteria tunaowazungumzia hawawezi kuila. Wanataka kaboni ya ogani, ile inayoweza kuchomwa ikatoa nguvu.

Hayo ni makosa ya wageni na husahihishwa kwa sentensi moja. Kosa linalohitaji subira ni la waliokwisha kusoma, wale wanaoeleza kwa kujiamini kwamba siki "inageuza nitrati kuwa gesi ya nitrojeni ikapaa hewani". Jambo hilo lipo kweli, ila makao yake ni kwingine. Kwenye mitambo ya kusafisha majitaka huwa kuna matangi yasiyo na oksijeni, na humo hutiwa methanoli au asidi asetiki makusudi. Bakteria wa humo, wakiwa wamekosa oksijeni, huvuta pumzi kwa kutumia nitrati, na nitrojeni hutoka kama gesi. Wafugaji wa Ujerumani walipoanza kutia vodka kwenye matangi ya matumbawe mwanzoni mwa miaka ya 2000, maelezo ya majitaka yaliwafuata huku, na hayajaondoka.

Lakini tangi la matumbawe lina pampu za mawimbi na skima inayopiga mapovu saa 24. Maji yake yamejaa oksijeni, na bakteria mwenye oksijeni hana haja ya kupumua kwa nitrati. Anaila. Nitrojeni inaingia kwenye protini zake na inabaki palepale tangini, ikiwa imevaa umbo la bakteria, mpaka kitu kimtoe. Uvutaji pumzi wa nitrati hutokea pia, ndani kabisa ya mawe ambako oksijeni haifiki, ila sehemu kubwa ya kazi hufanywa na ulaji. Tofauti hii inaamua karibu kila kitu utakachofanya kwa mikono yako.

Inaamua kwanza habari ya skima. Kama nitrati ingekuwa inapaa kama gesi, skima dhaifu isingekuwa na neno. Kwa kuwa inaliwa, tangi lisilo na skima nzuri huishia kulea bakteria wanaokufa, wanaooza, na kurudisha nitrojeni ileile kama amonia, na amonia ikawa nitrati tena. Hata skima nzuri haichoti wote; wengine huliwa na sponji na matumbawe, jambo ambalo si baya. Ukianza dozi, kombe la skima linatakiwa kujaa haraka zaidi na uchafu wake uwe mzito zaidi. Lisipobadilika kabisa baada ya wiki kadhaa, kagua skima kwanza kabla ya kuongeza siki.

Inaamua pia habari ya fosfati, na hapa ndipo wengi hukwama wakaapa kwamba njia yenyewe ni ya uongo. Mwili hauwezi kujengwa kwa nitrojeni peke yake. Alfred Redfield, mtaalamu wa bahari wa Marekani, alionyesha kwamba viumbe vidogo vinavyoelea baharini vina wastani wa atomu 16 za nitrojeni kwa kila atomu 1 ya fosforasi. Bakteria wana uwiano wao, nao pia hawawezi bila fosforasi. Tangi lenye nitrati 25 mg/l na fosfati 0.00, huku mwenyewe bado anaendesha chujio la chuma cha kunasa fosfati, limewafungia bakteria mlango. Toa hicho chuma, acha fosfati ipande hadi 0.05 mg/l hivi, na nitrati itaanza kusogea kwa dozi ileile. Kwa kawaida nitrati hushuka upesi kuliko fosfati, kwa sababu mawe huachia fosfati yaliyoihifadhi miaka na miaka, na kwa sababu ya ule uvutaji pumzi wa ndani ya mawe.

Sasa hesabu, maana "kidogo" si kipimo. Tangi lina lita 100 za maji na unataka nitrati ishuke kwa 10 mg/l. Hiyo ni gramu 1 ya nitrati, na ndani yake mna miligramu 226 za nitrojeni. Bakteria anahitaji takribani atomu 5 za kaboni kwa kila atomu ya nitrojeni anayoitia mwilini, na angalau nusu ya chakula anachokula hukichoma kwa ajili ya nguvu. Ukipiga hesabu hiyo unafika karibu ml 12 za vodka ya asilimia 40, au ml 95 hivi za siki ya asilimia 5. Hicho ni kiasi cha jumla, cha wiki nyingi. Anayekimimina kwa siku moja ataamka na samaki waliokufa. Na ni makadirio, kwa kuwa kila siku unalisha samaki na nitrati mpya inaingia.

Kwa kuanzia, ml 0.1 ya vodka kwa kila lita 100 kwa siku tatu za kwanza, kisha 0.2 hadi wiki iishe, halafu ongeza 0.1 kila wiki. Kwa siki zidisha kila namba kwa 8. Hapo hakuna siri: mililita moja ya vodka ina kaboni sawa na mililita nane za siki ya asilimia 5. Hesabu lita za maji yaliyomo kweli. Tangi la lita 200 lenye mawe na mchanga huwa na maji pungufu. Tumia bomba la sindano la ml 1, mimina sehemu ya sampu yenye mkondo, karibu na mdomo wa skima. Siki itiwe mchana taa zikiwa zimewaka, maana ni asidi na pH ya tangi huwa chini usiku. Pima nitrati na fosfati kila wiki kwa kipimo kilekile, na usome karatasi yake: vipimo vingine hutoa nitrojeni ya nitrati (uzito wa nitrojeni peke yake), na namba hiyo lazima uizidishe kwa 4.43 kabla ya kuilinganisha na ya mwenzako. Mabishano mengi ya "yangu ni 3, yako ni 13" ni watu wawili wenye maji yaleyale.

Siki iwe nyeupe, ya dukani, iliyoandikwa asilimia kwenye lebo. Nyingi ni 4 au 5. Ile iliyotiwa rangi iache. Siki ya mnazi ni ya achari: nguvu yake hubadilika chupa hadi chupa na ina mengi zaidi ya asidi. Pombe iwe vodka isiyo na sukari wala ladha. Gongo na chang'aa hazijulikani nguvu yake na zinaweza kuwa na methanoli. Spiriti ya taa ina methanoli na rangi, isikaribie tangi hata kwa tone.

Mambo yakiharibika, huharibika usiku. Dozi ikizidi, bakteria huongezeka majini kuliko skima inavyoweza kuchota, na asubuhi maji yako kama yale ya kuoshea mchele. Weupe wenyewe hauui. Kinachoua ni oksijeni waliyoitumia. Samaki wakipanda juu kuhema, simamisha dozi, fungua hewa ya skima yote, tia jiwe la hewa, elekeza pampu ipasue uso wa maji. Maji yakishatakata, rudi kwa nusu ya dozi ya mwisho. Umeme ukikatika hali ni ileile kwa kasi zaidi: skima imelala, bakteria wanaendelea kupumua. Kwa hiyo pampu ya dozi iunganishwe kwenye soketi ya skima. Anayeiweka kwenye betri ya akiba huku skima imezimika anawalisha walaji wa oksijeni gizani.

Kuna dalili ndogo zaidi, utando mweupe wa kamasi ndani ya mabomba na kwenye vichujio vya pampu. Kiasi chake ni kawaida, unafutwa. Ukianza kuota juu ya mawe na matumbawe, dozi imezidi.

dKH nayo itasogea, na watu hushangaa. Kila nitrati inapoliwa, ualkali hupanda: 50 mg/l za nitrati zikiisha huacha karibu 2.3 dKH zaidi. Siki huushusha inapoingia na kuurudisha inapoliwa. Kwa hiyo usiendelee na dozi ya bikaboneti ya zamani kwa mazoea, pima, upunguze. Ualkali wa juu kwenye maji yenye nitrati kidogo ndio huunguza ncha za Acropora, matumbawe ya matawi, zikabaki nyeupe. Kati ya 7 na 8.5 dKH ni mahali salama kwa tangi linalopewa kaboni.

Na anayetangaza kwamba dozi imefaulu kwa sababu nitrati sasa ni sifuri na fosfati ni sifuri, hajakosea kufurahi, ila amepitiliza. Matumbawe nayo hula nitrojeni na fosforasi. Yakikosa hupauka, na mchanga huanza kuvaa utando wa kahawia wenye mapovu, wa dainoflajelati (viumbe vidogo vya seli moja), ambao kuutoa ni kazi kuliko nitrati yenyewe ilivyokuwa. Shabaha ni nitrati 2 hadi 10 mg/l na fosfati 0.03 hadi 0.1 mg/l. Aliyekwisha kufika sifuri akate dozi kwa nusu leo, alishe samaki zaidi kidogo, apime tena baada ya siku nne, na kama bado ni sifuri akate nusu nyingine.