Mama anapotoka damu baada ya kujifungua, mkunga wa zamu ndiye kiongozi

Mimba inapotimiza muda wake, mfuko wa uzazi hupitisha damu kati ya mililita 500 na 700 kila dakika. Mtoto akizaliwa na kondo la nyuma likatoka, misuli ya mfuko hujikaza na kuibana mishipa iliyokuwa ikilisha kondo. Isipojikaza, mama anaweza kuishiwa damu kabla daktari hajafika kutoka jengo la pili. Kwa hiyo sisi tunaofundisha wauguzi wakunga tunasisitiza kwamba uongozi wa dharura hii unaanza kwa aliye kitandani pa mama, na mara nyingi huyo ni mkunga wa zamu.

Hapa Tanzania tumepiga hatua. Utafiti wa kitaifa wa 2022 ulionyesha vifo 104 vya akina mama vitokanavyo na uzazi kwa kila vizazi hai 100,000, kutoka 556 katika utafiti wa 2015/16. Hata hivyo, duniani kote kutoka damu nyingi bado ndiko kunakoongoza kwa kuua akina mama wanaojifungua, na vifo vingi vya namna hiyo vinazuilika.

Mwaka 2023 yalitoka matokeo ya utafiti uitwao E-MOTIVE, uliofanyika katika hospitali za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania kwa wanawake zaidi ya 200,000 waliojifungua kwa njia ya kawaida. Hapakuwa na dawa mpya wala mashine ya gharama. Mama aliwekewa mfuko wa plastiki wenye mistari ya vipimo ili damu ipimwe, isikadiriwe kwa macho. Ikizidi, matibabu yote yanaanza kwa pamoja: kukanda mfuko wa uzazi, oksitosini (dawa ya kuufanya mfuko ujikaze), asidi ya traneksamiki (dawa ya kupunguza utokaji wa damu), dripu, na kumkagua mama kama amechanika au kuna kipande cha kondo kilichobaki. Madhara makubwa, yaani kupoteza lita moja au zaidi, kufanyiwa upasuaji wa tumbo kwa ajili ya damu, au kufa, yalipungua kwa asilimia 60. Katika hospitali zilizoendelea na utaratibu wa zamani, karibu nusu ya waliotoka damu nyingi hawakugundulika.

Mkunga huchelewa kwa sababu ya macho yanayodanganya, au kwa kusubiri presha ishuke. Mama mwenye afya huweza kupoteza damu nyingi presha ikiwa bado nzuri. Mapigo ya moyo ndiyo hupanda kwanza. Lakini kuna ucheleweshaji mwingine unaoniuma zaidi: kusubiri ruhusa. Mkunga anajua la kufanya, dawa anaijua, lakini anaona si nafasi yake kuamrisha.

Ni nafasi yake. Anaita msaada kwa sauti, halafu anampa kila mtu kazi yake huku akimtazama. Akisema "jamani, mtu alete dripu", kila mmoja atadhani mwenzake ameshakwenda. Atamke hivi: "Sista, weka kanula mbili kubwa, mkono huu na huu, na utoe damu ya kupima grupu." Kanula ni kijibomba kinachoingizwa kwenye mshipa. Aliyetumwa anairudia amri: "Kanula mbili, na damu ya grupu." Akimaliza anasema, "Tayari." Mwingine anashika kalamu na kuangalia saa, maana asidi ya traneksamiki, gramu 1 kwenye mshipa, inatakiwa iingie ndani ya saa 3 tangu mama ajifungue, na kila dakika 15 za kuchelewa hupunguza faida yake kwa takriban asilimia 10.

Msaada ukifika, kiongozi amwachie mwingine kazi ya kukanda, arudi hatua moja nyuma aone kila kitu. Hili ni gumu hasa kwa wakunga hodari, kwa sababu mikono yao imezoea kutenda.

Simu kwa daktari nayo isiwe ya kubabaika: "Dokta, mama wa uzao wa tatu, amejifungua dakika 20 zilizopita. Damu mililita 700, mapigo 124, presha 100 kwa 60. Mfuko wa uzazi ni laini. Oksitosini na traneksamiki ameshapata, bado anatoka. Naomba uje sasa hivi." Daktari akifika, itamkwe wazi ni nani anaongoza kuanzia hapo.

Viongozi wa hospitali nao wana sehemu yao. Oksitosini ikae kwenye nyuzijoto 2 hadi 8, na ufunguo wa kabati la dawa za dharura ukae na aliye zamu, si mfukoni mwa mtu aliyeko nyumbani kwake.

Kwa familia: saa 24 za kwanza msimwache mama peke yake. Pedi ikilowa yote ndani ya saa moja, mabonge yakitoka, au mama akitokwa na jasho la baridi na kizunguzungu, mwiteni muuguzi papo hapo, hata kama ametoka kumwona sasa hivi. Mkiombwa kutoka nje, mmoja wenu abaki karibu na mlango, awe tayari kusikiliza na kuchangia damu. Mkisikia ndani wanaamrishana kwa sauti, hawagombani. Wanafanya kazi.